Sura ya Tisa: Mauzo ya Januari

"Kama karatasi inasema tarehe saba, basi ilikuwa tarehe saba," alisema mzee Gaston Baekelandt, akaisukuma ile karatasi irudi upande wa pili wa meza.

Inspekta Machteld Roels hakuigusa. Alikuwa ameshaisoma mpaka ameichukia. Ilikuwa hati ya makabidhiano kutoka gereji ya Vermassen, wauzaji wa magari ya Arvena hapa Durmegem. Ilisema kwamba tarehe saba Februari Baekelandt Gaston, umri miaka sabini na mmoja, alikabidhiwa gari jipya jeupe la umeme, na gereji ikapokea gari lake la zamani, la kijivu, la dizeli. Chini yake kulikuwa na saini ya mzee, kubwa na safi.

"Sikuulizi karatasi inasema nini, mzee. Nakuuliza wewe unakumbuka nini."

"Jana nilikwambia. Nilikumbuka ni Ijumaa, tarehe thelathini Januari. Niliacha lile la kijivu pale pale gereji, nikarudi nyumbani na jeupe, roho mkononi, maana halina sauti hata kidogo." Mzee alijikuna kidevu. "Leo sijui tena. Nimekaa miaka thelathini na sita kwenye kibanda cha ishara za reli, inspekta. Treni ikipita tunaandika. Isiyoandikwa haikupita. Kichwa cha mtu si daftari."

"Hati uliisaini lini?"

"Nilisaini nyingi. Wakati ule wa maonyesho ya magari kila mtu anakimbia. Kijana wa kaunta akasema weka saini hapa na hapa na hapa, tarehe tutajaza sisi."

Bram Coene, msaidizi wa Machteld, aliegemea mbele kwa sauti ya upole ambayo Machteld hakuipenda. "Mzee wangu, hakuna anayekuona mtu mbaya. Kulikuwa na giza, kulikuwa na ukungu. Mtu anaweza kugonga kitu na asijue."

"Bram," Machteld alisema. "Tutoke nje kidogo."

Kwenye korido Bram alitandaza mikono. "Bosi, picha unayo."

Picha alikuwa nayo, na alikuwa hapati usingizi kwa ajili yake. Jumanne tarehe tatu Februari, saa kumi na mbili na dakika arobaini na moja asubuhi, kamera ya kituo cha mafuta ilinasa uso wa gari la kijivu lenye namba inayoishia na 408. Dakika nne baadaye, kwenye barabara ya kando ya mto Durme, gari lilimgonga Hanne Moerman, muuguzi wa miaka thelathini na minne aliyekuwa akienda kazini kwa baiskeli. Dereva hakusimama. Hanne aliishi siku tano, kisha akafa. Namba ile ilikuwa ya mzee Gaston. Gari lenyewe gereji ilikuwa imeshamuuzia mnunuzi wa magari ya kupeleka nje, anayelipa taslimu na haandiki tarehe popote, na siku polisi walipolifuatilia bandarini Antwerp meli ilikuwa imeng'oa nanga.

"Na binti yake mwenyewe kasema mzee anasahau," Bram aliongeza. "Anaacha maji yanachemka, anasahau siku ya kutoa taka. Saa kumi tunampeleka Dendermonde kwa hakimu wa uchunguzi. Akienda na ungamo mkononi, kazi imekwisha."

"Ndiyo inayonitia hofu. Atasaini chochote ukimwekea mbele. Usimpe kalamu mpaka nirudi."

"Mwendesha mashtaka amenipigia mara mbili, bosi."

"Mwambie niko njiani."

"Njiani kwenda wapi?"

Machteld alikuwa ameshashika ngazi.

*

Rudi Vermassen alikuwa mtu mnene mwenye meno mazuri, na aliwapokea polisi kama wateja, yaani kwa kahawa na biskuti mbili kwenye kisahani. Ofisi yake ilitazama yadi. Ukutani, nyuma ya kiti chake, ilibandikwa jedwali kubwa la nchi za Ulaya lenye mishale ya kijani na nyekundu.

"Unatazama ubao wangu wa mateso," alisema. "Mauzo ya Arvena, magari mapya, nchi kwa nchi, kila mwezi wanatuletea. Mhispania juu, Mreno juu. Mnorwei usimtaje, yeye siku hizi hata bibi kizee ana la umeme. Mjerumani kasimama palepale. Mfaransa chini, na sisi tuko chini ya Mfaransa. Miezi mitatu mfululizo mshale mwekundu. Ukiwa Mbelgiji inauma, lakini kuwa chini ya Mfaransa kunauma zaidi."

"Na mshale ukibaki mwekundu?"

"Wanapunguza wauzaji. Tulikuwa thelathini na wanane nchini, wanataka ishirini na watano." Alivunja biskuti. "Sema shida yako, inspekta."

Machteld aliweka picha mbili mezani. Kwetu Ubelgiji namba ni ya mtu, si ya gari. Ukibadilisha gari unaondoka nayo. Serikali inakupa kibao kimoja tu, cha nyuma. Cha mbele unajitengenezea mwenyewe, kwa mchonga funguo au kwa fundi viatu, na kwa kuwa ni nakala tu, watu wengi wanaondoka na cha nyuma na kukisahau cha mbele kwenye gari la zamani. Jambo la kijinga, lakini tumelizoea.

"Hii ni picha ya gari jeupe la mzee Gaston, nimeipiga leo asubuhi," alisema. "Kibao cha mbele kina jina la gereji yako chini. Kipya. Na hii ni ya kamera. Namba ni ileile, 408, lakini pembeni kuna alama ya ufunguo. Nimekwenda kwa fundi viatu wa stesheni, anayechonga na funguo. Kibao hiki alikitengeneza yeye, miaka sita iliyopita, kwa gari la kijivu."

"Sawa."

"Kwa hiyo gari la kijivu lilikuja kwako na kibao chake cha mbele. Yeyote aliyeliendesha baada ya hapo, kamera ingemwita Gaston Baekelandt."

Vermassen alitikisa kichwa kwa masikitiko ya mtu anayekataa kushusha bei. "Hesabu nzuri, mama. Tatizo ni kwamba lilikuja kwangu tarehe saba. Tarehe tatu alikuwa nalo mzee mwenyewe."

"Gari jeupe limesajiliwa tarehe thelathini Januari. Nimeangalia."

"Limesajiliwa." Vermassen aliinuka. "Njoo nikuonyeshe kitu. Nikishakuonyesha utanidharau, lakini bora nidharauliwe kuliko mzee wa watu akuchanganye."

Alimpeleka nyuma ya karakana, akasukuma mlango wa bati. Ndani yalikuwamo magari mapya kumi na moja, yamebanana ubavu kwa ubavu, plastiki bado ziko kwenye viti.

"Yote haya yameuzwa Januari," alisema. "Kwenye takwimu. Hili la mke wangu. Lile la daktari wangu wa meno, naye hajui. Haya mawili amenunua mama yangu. Ana miaka themanini na tisa, leseni hana, na mwezi mmoja kanunua mawili. Mteja wangu bora."

Machteld hakutaka kucheka, na karibu acheke.

"Mwisho wa mwezi unasajili ili mshale ubadilike rangi," Vermassen aliendelea. "Ukisoma gazetini kwamba mauzo yamepanda, pita nyuma ya gereji uhesabu. La mzee Gaston lilikuwa hapa, pembeni pale. Nililisajili kwa namba yake tarehe thelathini, nikamkabidhi tarehe saba. Namba ikihama na bima inahama, kwa hiyo wiki nzima aliendesha la zamani bila bima na hajui. Kosa langu. Niandikie faini, nitalipa."

"Wenye Arvena wakijua utapoteza gereji."

"Nitapoteza. Lakini kuna mtu amekufa, inspekta. Kuna mambo makubwa kuliko gereji."

Lilikuwa neno zuri, na sura iliyolitamka ilikuwa ya huzuni. Machteld alitoka yadi akiwa ameshindwa. Alikaa garini bila kuwasha injini. Tarehe thelathini ilikuwa ndiyo silaha yake ya pekee, na yule bwana alikuwa amemnyang'anya kwa adabu na kahawa juu.

Kisha akaanza kusumbuka. Miaka kumi na tisa ya kazi, alikuwa hajawahi kukutana na mfanyabiashara aliyekiri kosa la kumfunga kabla ya kuulizwa. Watu wanakiri nusu, wanakiri robo, wanakiri wakishabanwa. Huyu alimfungulia mlango mwenyewe. Mtu akikuletea dhambi yake ndogo mbiombio, ni kwa sababu hataki uendelee kutembea humo ndani.

Lakini hakimu hapewi hisia. Magari kumi na moja yalikuwa ya kweli, na yaliufanya uongo wowote wa tarehe uaminike.

*

Ilse Baekelandt alimfungulia mlango wa nyumba ya baba yake akiwa na mifuko ya nguo mkononi. Alikuwa mwalimu, mwenye haraka, na macho yamemvimba.

"Nampelekea sweta. Huko mahabusu kuna baridi?"

"Kuna baridi. Ilse, una uhakika gani kwamba baba yako anasahau?"

"Unadhani napenda kusema hivyo?" Aliweka mifuko chini. "Tangu mwaka jana. Vitu vidogo vidogo. Majina ya majirani. Halafu lile gari, nani alimtuma? Nilikuja kuliona Jumapili ya tarehe nane, nikamwuliza umelichukua lini, akababaika."

"Akababaika vipi?"

"Alisema kama siku kumi hivi. Mimi nikamwambia baba, karatasi hii hapa mezani imeandikwa jana."

"Na yeye?"

"Akasema labda." Ilse alifuta pua. "Na si hilo tu. Umeme wake mimi ndiye ninayeuangalia, kwa simu. Unajua siku hizi wanakutoza kwa ile robo saa moja uliyotumia umeme mwingi kupita zote mwezi mzima. Baba hapiti kilowati mbili na nusu, mtu mmoja peke yake. Mwezi uliopita kaenda nane. Nane. Ina maana aliwasha oveni, hita, mashine ya kufulia, vyote kwa pamoja, akaenda kulala. Siku moja atajiunguza."

Machteld alikuwa akitazama kisanduku cheusi ukutani, karibu na mlango wa gereji ndogo ya nyumba, na waya mnene uliokuwa umening'inizwa vizuri kwenye ndoano yake.

"Mwezi uliopita ni upi?"

"Januari. Bili ya Februari bado."

"Nionyeshe siku yenyewe."

Ilse alitoa simu, akapangusa kioo kwa kidole mara kadhaa. "Hii hapa. Jumamosi, tarehe thelathini na moja."

Kwenye kioo mstari wa matumizi ulitambaa chini siku nzima. Saa moja na robo usiku ulipanda ghafla hadi nane. Ukakaa hukohuko juu, umenyooka bila kutetereka, kwa muda wa karibu saa nne. Kisha ukaanguka.

"Oveni ikipata moto inazima, halafu inawaka tena," Machteld alisema polepole. "Mstari wake unapanda na kushuka. Mashine ya kufulia vilevile. Huu umenyooka. Ilse, hicho kisanduku cha kuchajia kilifungwa lini?"

"Katikati ya Januari. Fundi alikuja kabla ya..." Alitazama simu, akatazama kisanduku, akatafuta kiti.

"Baba yako alichaji gari Jumamosi ya tarehe thelathini na moja Januari," Machteld alisema. "Huwezi kuchaji gari ambalo bado liko kwa muuzaji."

Simu yake mwenyewe ilikuwa inatetemeka mfukoni. Ilikuwa saa nane na dakika ishirini. Alikuwa Bram.

"Bosi, mzee amekubali."

"Nilikwambia usimpe kalamu."

"Aliiomba mwenyewe. Alisema hataki kumsumbua mama wa yule binti kwa kukataakataa. Ameshasaini. Tunaondoka saa tisa na nusu."

Machteld alifumba macho. Ungamo lililosainiwa, pamoja na picha na hati ya tarehe saba. Wakili wa Vermassen akipewa nafasi angesema mzee aliazimwa gari jingine la umeme, akachaji hilo. Kumbukumbu za gari lenyewe zingeleta ukweli, lakini Arvena walikuwa wameshajibu kwa barua kwamba maombi ya polisi huchukua wiki tatu. Wiki tatu ndani ya gereza zingemfanya mzee aamini mwenyewe kwamba ameua.

"Nitumie huo mchoro," alimwambia Ilse. "Sasa hivi. Kisha nenda Dendermonde unisubiri."

*

Vermassen hakutoa kahawa mara ya pili. Machteld aliketi bila kukaribishwa, akafungua daftari.

"Nimekuja kufunga faili," alisema. "Mzee ameungama. Nahitaji maelezo yako mafupi kwa maandishi, ili wakili wake asije akaleta ujanja."

Mabega ya Vermassen yalishuka kidogo. "Maskini. Uliza."

"Mzee Gaston alikabidhiwa gari jeupe tarehe saba Februari, si kabla."

"Si kabla."

"Wakili atasema ulimwazima gari jingine la umeme wakati anasubiri."

"Mimi?" Vermassen alicheka kwa pua. "Magari ya kuazima ninayo mawili tu, ya petroli yote, na tangu Krismasi yako kwa wateja. Halafu mtu wa miaka sabini, hajawahi kugusa la umeme, nimpe la kuazima alibamize ukutani? Hapana."

"Hakuna gari lolote la umeme lililotoka hapa kwenda kwake kabla ya tarehe saba."

"Hakuna. Andika hivyo."

Machteld aliandika. "Funguo za magari yanayorudishwa na wateja zinakaa wapi?"

"Kwenye kabati langu."

"Nani anafungua yadi asubuhi?"

"Mimi mwenyewe. Saa kumi na mbili kamili, miaka ishirini sasa. Wafanyakazi wanaingia saa mbili."

"Na kabla ya saa mbili hakuna mwingine mwenye funguo."

"Mke wangu nyumbani, na yeye huamka saa tatu." Alitabasamu. "Imekwisha?"

"Weka saini hapo chini. Na tarehe ujaze mwenyewe, mimi nisikujazie."

Vermassen alisoma, akasaini, akajaza tarehe. Machteld alilichukua daftari, akalifunga, akaliweka begini. Kisha akatoa simu, akailaza mezani, kioo kikimtazama yule bwana.

"Huu ni umeme wa nyumba ya Gaston Baekelandt. Tarehe thelathini na moja Januari."

Vermassen alitazama. Alikuwa ameuza magari ya umeme miaka mitano. Hakuhitaji kuelezwa mstari ule ni wa nini.

"Unaujua," Machteld alisema. "Kilowati saba na ushee za gari, juu ya taa na friji. Kwa muda wa saa nne. Umeniambia kwa maandishi kwamba hakuna gari la umeme lililokwenda kwake kabla ya tarehe saba. Basi alichaji nini? Jiko?"

"Labda aliazima kwa mtu."

"Mzee ambaye hajawahi kugusa la umeme? Umesema mwenyewe dakika tano zilizopita."

Nje, kijana wa kaunta alikuwa akimzungusha mteja kwenye gari jekundu, akimfungulia milango. Vermassen aliwatazama kwa muda.

"Magari kumi na moja ni ya uongo," Machteld aliendelea. "Nimeyaamini, na ulikuwa na akili kunionyesha. Lakini la kumi na mbili ulikuwa umeliuza kweli. Mauzo ya halali, mteja halali, tarehe thelathini, kama takwimu zinavyosema. Mwezi mzima ulikuwa nalo hilo moja la haki, na ukalazimika kuligeuza kuwa la uongo. Maana kama mzee aliondoka na jeupe tarehe thelathini, basi tarehe tatu la kijivu lilikuwa yadi kwako. Funguo kabatini kwako. Saa kumi na mbili asubuhi, na hapa hakuna mtu ila wewe."

"Sikumwona," Vermassen alisema.

Machteld alilitoa tena daftari begini.

"Lori la yule mnunuzi wa magari ya kupeleka nje lilikuwa linaondoka saa moja, na la kijivu nilikuwa nalipeleka huko. Nikaweka nyuma kibao cha biashara, kile tunachotumia wauzaji kuhamisha magari, cha mbele sikukiangalia hata. Ukungu ulikuwa mzito. Nilisikia kishindo. Nilipunguza mwendo." Alipitisha kiganja usoni. "Kesho yake, Jumatano, wale wa Arvena walikuwa wanakuja kuamua nani anabaki. Nikawaza nikisimama hapa, wafanyakazi ishirini na wawili wananitegemea. Nikawaza pengine ni kulungu."

"Ulijua si kulungu."

"Nilijua Jumatano, kwenye redio."

"Alikuwa hai Jumatano," Machteld alisema. "Alikuwa hai mpaka Jumapili. Na wewe Jumatano hiyo hukwenda polisi. Ulikaa ukaitafuta ile hati ambayo mzee aliisaini bila tarehe, ukajaza saba, ukampelekea nakala nyumbani."

Vermassen hakukana. Aliomba kumpigia mkewe, na Machteld akamwambia atampigia kutoka kituoni.

*

Alifika Dendermonde saa kumi kasoro dakika nne, Vermassen nyuma na askari wawili. Bram alikuwa amesimama kwenye korido ya mahakama na lile ungamo mkononi. Machteld alilichukua bila salamu, akaingia kwa hakimu na vyote alivyokuwa navyo, akakaa humo dakika hamsini. Alipotoka na amri ya kumwachia mzee, Bram alikuwa hajasogea.

"Bosi, mimi nilidhani..."

"Ulidhani. Kaandike maelezo ulimwambia nini mzee kabla hajaiomba kalamu. Neno kwa neno."

Mzee Gaston alikuwa ameketi kwenye benchi, sweta mikononi bila kulivaa. Ilse alisimama hatua tatu kutoka kwake, hathubutu kusogea. Machteld alichuchumaa mbele ya mzee, akamwonyesha mstari kwenye simu, akamweleza kwa maneno machache ni nani aliyekuwa akiendesha gari la kijivu.

"Jumamosi," mzee alisema. "Saa moja na robo."

"Ulichaji kwa saa nne."

"Najua. Nilichungulia dirishani mara tatu kuona kama linaungua." Aliurudisha uso nyuma, akautazama tena ule mstari kwa mbali, kama alivyokuwa akitazama reli. "Kwa hiyo ilikuwa tarehe thelathini."

"Ilikuwa tarehe thelathini, kama ulivyotuambia siku ya kwanza. Ulikuwa sahihi wewe, sisi sote tulikuwa tumekosea. Nakuomba radhi."

Mzee aliitikia kwa kichwa. Alivaa sweta, kisha koti, akafunga vifungo vyote bila kuharakisha.

"Baba," Ilse alisema. Alikuwa analia. "Nisamehe. Niliwaambia unasahau."

"Walinisomea."

"Niliogopa tu, baba. Nilikuwa nakuogopea wewe."

"Mimi sikusahau kitu, Ilse. Siku ile naikumbuka yote, mpaka rangi ya tai ya yule kijana wa kaunta. Lakini wewe ni mwanangu, na ulisema kichwa changu kimeharibika. Nikakuamini wewe. Ndiyo maana nikasaini kwamba nimeua mtu."

Ilse alinyoosha mkono. Mzee alimgusa bega kidogo alipokuwa akimpita. Kwenye ngazi alimwuliza Machteld basi la kwenda Durmegem linasimama upande gani wa barabara, Machteld akamwonyesha, na mzee akaenda peke yake.